Maji Yalikuja Mwisho: Njia ya Wabaptisti wa Kwanza kutoka Zürich hadi London

Wachungaji, walimu, wazee wa kanisa, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie hali ya kidini wakati wa Matengenezo ya Kanisa, ile iliyowazaa Wabaptisti. Hapa kwetu ukiuliza Mbaptisti ni nani, utajibiwa kwa maji: ni yule anayebatiza kwa maji mengi. Kwa mazungumzo ya barazani jibu hilo linatosha. Ukiingia nalo kwenye historia litakupoteza, maana Wabaptisti wa kwanza, waliobatizwa Amsterdam mwaka 1609, walimiminiwa maji kichwani. Kuzamisha kulianza miaka zaidi ya 30 baadaye, kwa mkono wa kundi jingine kabisa. Kilichowatoa watu makwao na kuwatia gerezani ni swali lililotangulia maji: kanisa ni nani? Ni kila aliyezaliwa ndani ya mipaka ya parokia, au ni yule aliyeamini na kulitamka hilo kwa kinywa chake mwenyewe?

Ili tuone uzito wa swali hilo, tuanze na daftari. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri mkuu wa shughuli za Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kila Jumapili kasisi aliandika matukio ya wiki mbele ya wazee wa kanisa, kisha daftari likafungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao kasisi, wa pili wazee. Mtoto aliingia kanisani na kwenye hesabu ya raia kwa tendo lilelile, siku ileile. Kanisa na dola vilikuwa ulimi na mate. Basi mzazi aliyekataa kumpeleka mtoto kisimani kwa ubatizo, serikali haikumwona kama mtu mwenye maoni tofauti juu ya aya fulani. Ilimwona anamchomoa mtoto kwenye taifa.

Viongozi wa Matengenezo walijua hivyo: Luther wa Ujerumani, Zwingli wa Zürich huko Uswisi, na baadaye Calvin. Wote watatu waliivunja misa kama ilivyokuwa, wakabomoa mamlaka ya Papa, ila ubatizo wa watoto wachanga wakauacha palepale. Hoja walikuwa nazo, tena si dhaifu: Waisraeli walitahiri siku ya nane kabla mtoto hajajua kusema lolote, na ubatizo ndio alama ya agano iliyoshika nafasi ya tohara. Lakini ukiwasoma kwa makini utaona na hofu imo.

Hofu hiyo ilipasuka kwanza Zürich. Oktoba 1523 kulifanyika mjadala wa hadhara juu ya misa na sanamu. Zwingli alishinda kwa hoja, kisha akaliachia baraza la mji liamue mabadiliko yaanze lini. Vijana wake wenyewe, akina Conrad Grebel na Felix Manz, wakashtuka. Kama Neno la Mungu limeshasema, diwani anaamua nini tena? Hapo ndipo ufa ulipoanzia, na mtaona kuwa ubatizo ulikuwa haujawa mzozo mkuu. Ulifuata. Januari 1525 ukafanyika mjadala mwingine, safari hii juu ya ubatizo wenyewe, na baraza likatoa amri: watoto wote ambao hawajabatizwa wabatizwe ndani ya siku nane, la sivyo wazazi wafukuzwe mjini.

Jioni ya tarehe 21 Januari kikundi kidogo kilikutana nyumbani kwa mama yake Manz. George Blaurock, aliyewahi kuwa padri, alimwomba Grebel ambatize. Grebel hakuwa na daraja lolote la kikanisa, lakini alimbatiza, kisha Blaurock akawabatiza waliobaki. Shikeni tukio hili, kwa sababu swali lake litarudi mara mbili: pasipokuwa na mtu aliyebatizwa kihalali, nani ambatize wa kwanza? Zürich walijibu kwa vitendo, bila kuandika nadharia.

Adhabu ilikuwa ya kikatili, tena ya kejeli. Tarehe 5 Januari 1527 Manz alifungwa mikono na kutoswa katika mto Limmat: aliyetaka maji, apewe maji. Mwezi uliofuata ndugu zake walikutana Schleitheim wakaandika vipengele saba. Humo walisema ubatizo ni wa walioamini, anayeanguka dhambini aonywe na ikibidi atengwe, Mkristo asishike upanga na asile kiapo. Michael Sattler, anayeaminika kuviandika, aliuawa Mei mwaka uleule. Mwaka 1529 Bunge la Dola Takatifu la Kirumi, lililokaa Speyer, Ujerumani, likaifanya hukumu ya kifo kuwa sheria ya dola nzima kwa wanaobatiza tena, likiegemea sheria ya kale ya Kirumi. Jina "Waanabaptisti", yaani wanaobatiza mara ya pili, walibandikwa na adui zao. Wao walikataa kwamba wanarudia chochote, kwani kile cha utotoni hawakukihesabu kuwa ubatizo.

Kisha ikaja Münster. Kati ya 1534 na 1535 Waanabaptisti wenye ndoto za ufalme waliuteka mji huo wa Ujerumani, wakatangaza mali ya shirika na ndoa za mitara, wakamtawaza Jan van Leiden awe mfalme. Mji ulipokombolewa viongozi watatu waliuawa na maiti zao zikatundikwa kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert ndani ya vizimba vya chuma. Vizimba vipo hadi leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kwa miaka 100 na zaidi, kila mtu aliyehoji ubatizo wa watoto alionekana na serikali kama Münster nyingine inayokuja. Hata Menno Simons, padri wa Friesland aliyeacha upadri mwaka 1536 na kuwakusanya waliobaki katika njia ya amani, aliishi akiwindwa. Wafuasi wake ndio Wamennonite. Ndugu zetu wa mkoa wa Mara wanawafahamu vizuri, maana wamisionari wao walifika Shirati mwaka 1934.

Hapa nisimame kidogo. Yapo mafundisho yanayodai kwamba mnyororo wa Wabaptisti haukukatika tangu Yohana Mbatizaji pale Yordani, ukipita kwa kila kundi lililoteswa na Roma. Ni mafundisho matamu, ila nyaraka zinayakataa. Makundi mengi yanayowekwa kwenye mnyororo huo yalifundisha mambo ambayo Mbaptisti yeyote angeyakimbia. Kudai kwamba Wabaptisti ni watoto wa moja kwa moja wa Grebel na Manz nako kunazidisha. Wabaptisti ni Waingereza, waliotoka tumboni mwa Kanisa la Uingereza. Wamennonite waliwakuta njiani wakawapa mengi, na wao wakakataa mengine. Sasa twende Uingereza.

Henry wa Nane alijitenga na Roma mwaka 1534 kwa sababu zinazojulikana, akawa yeye mkuu wa kanisa. Chini ya mwanawe Edward mambo yalisogea kwenye Uprotestanti wazi. Mary, aliyetawala kuanzia 1553 hadi 1558, aliwarudisha watu kwa Papa na kuwachoma moto Waprotestanti wapatao 280. Elizabeth akageuza tena. Katika kizazi kimoja mkulima wa Lincolnshire alibadilishiwa dini mara nne na hakuulizwa hata mara moja. Sheria ya 1559 ilimtaka kila mtu ahudhurie kanisa la parokia yake kila Jumapili na sikukuu, na Kitabu cha Sala kilekile kitumike nchi nzima. Asiyehudhuria alitozwa pensi 12 kwa kila mara, na waliozikusanya ni wazee wa kanisa, ziende kwa maskini. Mwaka 1581 faini ikapandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, kiasi cha kumfilisi hata tajiri.

Wapo walioona matengenezo yameishia nusu njia. Hao ndio Wapuritani. Malalamiko yao ukiyasikia leo yanaonekana madogo: kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba kwenye paji la uso la mtoto, pete ya ndoa, kupiga magoti wakati wa Meza ya Bwana. Msidanganyike na udogo huo. Nyuma ya kila jambo palikuwa na swali lilelile la Zürich, kama mfalme ana haki ya kuagiza katika ibada kitu ambacho Maandiko hayakukiagiza. Wapuritani wengi walichagua kubaki ndani na kungoja malkia abadilike.

Wachache walichoka kungoja. Robert Browne alianzisha kusanyiko lake Norwich, akahamia nalo Middelburg ng'ambo ya bahari, na mwaka 1582 akachapisha kijitabu kilichosema matengenezo yafanyike bila kumsubiri mtawala. Mwaka uliofuata watu wawili walinyongwa Bury St Edmunds kwa kusambaza vitabu vyake. Browne mwenyewe alirudi kwenye kanisa la serikali akafa kasisi wa parokia, jambo lililowapa maadui kicheko cha miaka mingi. Wazo lake lilibaki: kanisa ni watu wanaofunga agano na Mungu na wao kwa wao, kwa hiari, hata wakiwa wachache. Henry Barrow na John Greenwood walilishika na kunyongwa Aprili 1593, na John Penry mwezi uliofuata. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuwamaliza Waliojitenga, yaani hao waliotoka kanisa la serikali: mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 akikaa mwezi mzima bila kwenda kanisani afungwe, asipotii ndani ya miezi mitatu aape kuihama nchi, na akirudi anyongwe. Kwa hiyo mkisoma kwamba walikimbilia Uholanzi, jueni njia ya huko ilichorwa na sheria. Majimbo ya Uholanzi yalikuwa yamekubaliana Utrecht mwaka 1579 kwamba mtu asisumbuliwe kwa sababu ya dini yake.

Sasa tumfikie John Smyth. Alisoma na kufundisha Christ's College, Cambridge, akawa mhubiri wa mji wa Lincoln mwaka 1600, akaondolewa miaka miwili baadaye. James wa Kwanza alipokalia kiti, Wapuritani walimpelekea ombi. Katika mkutano wa Hampton Court, Januari 1604, aliwajibu kwamba bila askofu hakuna mfalme, na kwamba wasiotii atawafukuza nchini. Kufikia 1607 Smyth alikuwa kiongozi wa kusanyiko la Waliojitenga huko Gainsborough. Jirani yao, Scrooby, kulikuwa na wenzao ambao baadaye sehemu yao walivuka Atlantiki kwa merikebu Mayflower. Walifunga agano la kutembea katika njia zote za Mungu, zilizojulikana na zitakazojulikana, kwa gharama yoyote. Maneno "zitakazojulikana" ndiyo yaliyoleta kazi.

Kundi la Gainsborough lilifika Amsterdam mwaka 1608 kwa msaada mkubwa wa fedha za Thomas Helwys, bwana shamba wa Nottinghamshire. Walipata makazi katika jengo kubwa la kuokea mikate ya mabaharia, mali ya Mmennonite aitwaye Jan Munter. Barua ya waumini wao wawili inatupa ratiba ya Jumapili. Walianza saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, wakarudi saa nane hadi saa kumi na moja au kumi na mbili. Kwanza sala, kisha sura moja au mbili za Biblia zikasomwa na kujadiliwa. Baada ya hapo vitabu vyote viliwekwa kando, pamoja na Biblia, kwa kuwa Smyth aliamini ibada ya Roho haisomwi kwenye karatasi. Msemaji wa kwanza alifafanua andiko kwa dakika 45 hadi saa nzima, akafuata wa pili, wa tatu, hata wa tano. Anayelalamika kwamba mahubiri yetu ni marefu, nadhani nimemjibu.

Hapo ndipo Smyth alipouona mwanya ambao Waliojitenga wenzake waliupita macho wazi. Walisema Kanisa la Uingereza ni kanisa la uongo, makasisi wake si makasisi. Lakini ubatizo waliopewa na makasisi hao waliendelea kuuhesabu halali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Smyth aliwaambia: kama kanisa ni la uongo, ubatizo wake ni wa uongo, basi sisi sote hatujabatizwa. Tena akaenda mbele zaidi. Katika Agano Jipya hakuona mahali mtoto mchanga anabatizwa. Mathayo 28 inaagiza kufanya wanafunzi kwanza, ndipo kubatiza. Kwa hiyo kanisa lenyewe halikusanywi kwa agano peke yake, bali kwa ubatizo wa aliyekiri imani na dhambi zake. Mwanzoni mwa 1609 kusanyiko likajivunja rasmi. Wakasimama kama watu wasio kanisa. Smyth akajimiminia maji mwenyewe, akambatiza Helwys na wengine, jumla wapatao 40.

Kujibatiza! Amsterdam nzima ilicheka. Wapinzani waliuliza: kama mtu aweza kujibatiza, kwa nini asiwe kanisa la mtu mmoja? Smyth alijitetea kwamba hakujua kanisa la kweli ambalo angeliomba, na hapo ndipo majirani zake Wamennonite walipomwambia, sisi je? Alichunguza, akaona mafundisho yao ni sawa, akatubu haraka yake. Mwaka 1610 yeye na wenzake zaidi ya 30 waliomba kuingia kwao. Smyth alifariki Agosti 1612 kabla hawajapokelewa, na kundi lake lilipokelewa mwaka 1615.

Helwys alikataa. Alisema ukidai ubatizo halali lazima utoke kwa mtu aliyekwisha kubatizwa kihalali, umerudisha urithi wa mitume, ule mnyororo wa mamlaka ya kupokezana, kwa mlango wa nyuma, na huo utakupeleka hadi Roma. Wawili watatu waliokusanyika kwa jina la Kristo wanatosha kuanza. Hakukubaliana na Wamennonite pia kuhusu serikali: kwake hakimu aweza kuwa mshirika wa kanisa, kushika upanga si dhambi na kiapo cha haki kinaruhusiwa. Yeye na watu wapatao kumi waliobaki naye walitoa tamko la imani mwaka 1611, lenye vipengele 27. Kimoja nakipenda kuliko vyote. Kinasema washirika wapaswa kujuana, wapate kuhudumiana roho na mwili, kwa hiyo kanisa lisiwe la watu wengi kiasi cha kutojuana. Wachungaji wa makanisa ya washirika 3,000, mtanisamehe, mimi nasoma tu kilichoandikwa.

Mwaka 1612 Helwys aliamua kwamba kukimbia mateso kulikuwa kosa. Akarudi na kundi lake, wakakaa Spitalfields, nje kidogo ya kuta za London. Huo mwaka ulikuwa mbaya kurudi, kwani ndio Bartholomew Legate na Edward Wightman walipochomwa moto kwa uzushi, wa mwisho kuuawa hivyo Uingereza. Helwys alikuwa amechapisha kitabu juu ya dini na mamlaka, na katika nakala moja aliandika kwa mkono wake maneno kwa Mfalme James: mfalme ni mwanadamu wa kufa, si Mungu, kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho zisizokufa za raia wake. Ndani ya kitabu alisema wawe wazushi, Waturuki, Wayahudi au wowote wale, mamlaka ya dunia haina ruhusa ya kuwaadhibu hata kidogo. "Waturuki" kwa Kiingereza cha siku zile ni Waislamu. Alifungwa Newgate, gereza la London, na kufikia 1616 alikuwa amekufa.

Hao ni Wabaptisti wa Jumla, walioamini Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Wa pili, Wabaptisti Maalum, walikuja kwa njia nyingine, nao walikuwa Wakalvini, wafuasi wa mafundisho ya Calvin, waliofundisha kwamba alikufa kwa ajili ya wateule. Mzizi wao ni kusanyiko ambalo Henry Jacob alilianzisha Southwark mwaka 1616. Jacob hakulaani parokia zote, na wepesi huo ndio uliosumbua baadaye. Mwaka 1633 baadhi walitoka wakitaka utengano ulio wazi, na mwaka 1638 wengine wakaenda kwa John Spilsbury kwa kuwa hawakukubali tena ubatizo wa watoto.

Na sasa, ndugu zangu, maji. Karibu 1640 wachache wao, wakisoma Warumi 6:4 na Wakolosai 2:12, waliona kwamba ubatizo unafananishwa na kuzikwa na kufufuka, na mtu hazikwi kwa kumwagiwa kiganja cha udongo. Nani awazamishe? Swali la Zürich na Amsterdam limerudi. Waliposikia kwamba Uholanzi wapo wanaozamisha, walimtuma Richard Blunt aliyejua Kiholanzi, akarudi na kuanza kazi. Kufikia Januari 1642 orodha yao ilikuwa na watu 53. Mkikuta kwenye nyaraka imeandikwa 1641, msishangae: mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Spilsbury aliona safari ile haikuwa na lazima. Kwake, ukianza kutafuta mbatizaji aliyebatizwa hutafika mwisho, na hilo ndilo alilojibu Helwys miaka 30 nyuma.

Makanisa saba ya London yalitoa ungamo la imani mwaka 1644, likaeleza kwamba mwili wote uzamishwe. Pembeni waliongeza maelezo mafupi: mbatizaji na mbatizwaji wavae nguo zinazofaa, kwa heshima yote. Waliyaandika kwa sababu wapinzani walieneza kwamba watu wanazamishwa uchi. Tuhuma nyingine ilikuwa baridi. Richard Baxter, mchungaji Mpuritani, alidai kuzamisha watu katika maji baridi ya Uingereza kunavunja amri ya sita, usiue. Huko Essex mwanamke mmoja alifariki majuma machache baada ya kubatizwa, na aliyembatiza, Samuel Oates, akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikilizwa Chelmsford, na mahakama ikamwachilia.